Lori la Majani na Ukurasa wa Mwisho

Nilipaswa kumwambia mwenyekiti wa kituo chetu cha majani ya chai hapana. Alinijia alasiri moja ya manyunyu, tukiwa wawili tu kwenye kibanda cha kununulia majani, akaniambia mambo mawili kwa pumzi moja. La kwanza, msimu ule lori la kiwanda lingeanza kuchukua majani ng'ambo ya mto, kwa wakulima wakubwa, naye mwenyewe akiwa mmoja wao, ndipo lije kwetu. La pili, niwakalishe watu kwa hadithi zangu mpaka lori lifike, na hilo la kwanza nisimwambie mtu yeyote.

"Wakijua watauzia wachuuzi barabarani," alisema. "Kilo zikipungua, kituo kinafungwa. Wewe ni msomi, mzee. Wewe unaelewa siri."

Nilielewa siri, ndiyo. Nilikuwa nimesoma habari za siri tangu nilipomaliza kidato cha nne: wanaume wenye makoti marefu wakipeana bahasha kwenye madaraja, na dunia nzima ikiendelea kunywa chai bila kujua chochote. Lakini mimi mwenyewe, karani mstaafu wa stoo, hakuna aliyewahi kunipa siri ya maana. Siri kubwa niliyowahi kutunza ni mahali funguo za stoo zilipowekwa, na hata hiyo walinzi wote waliijua. Basi nilikubali. Na sikukubali kwa shingo upande. Nilikubali kwa furaha ya kitoto, nikatembea kwenda nyumbani nikitazama nyuma kama mtu anayefuatwa.

Kituo chetu kiko upande wa Bomet, juu kidogo ya barabara ya kwenda Silibwet. Ni paa la mabati, ukuta unaofika kiunoni, na vyuma vya kutundikia magunia. Karani na mizani yake huja na lori, kwa hiyo lori lisipofika hakuna kupimiwa, na usipopimiwa huwezi kuondoka. Unakaa. Tatizo ni kwamba majani mabichi hayajui kukaa. Yakishindiliwa guniani hupata joto, yakageuka rangi kama yaliyomwagiwa maji ya moto, na karani akiingiza mkono akahisi moto ule anayasukuma kando bila hata kukutazama usoni. Kazi yako ya kutwa nzima imekuwa mbolea ya migomba.

Watu wa kungoja pale tulikuwa mchanganyiko: sisi Wakipsigis wenye mashamba, watu wa kutoka ziwani waliokuja zamani kufanya kazi kwenye mashamba makubwa wakabaki, na watu wa kutoka Mkoa wa Kati wenye maduka. Kwa hiyo nilisimulia kwa Kiswahili, kile chetu cha huku, ingawa vitabu nilikozitoa hadithi vilikuwa vya Kiingereza.

Vitabu nilivinunua Silibwet siku ya soko, kwa mtu aliyevitandaza juu ya turubai kati ya viatu vya mitumba na vifuniko vya sufuria. Kila kimoja kilikuwa na bastola, au saa, au macho ya mwanamke kwenye jalada, na vingi havikuwa na kurasa za mwisho. Nadhani zilichanwa na wauza njugu, ambao huzisokota wakatilia njugu ndani na hawajali nani aliua nani. Basi mwisho nilitunga mwenyewe, na hakuna aliyewahi kugundua. Hilo peke yake lingetosha nividharau vitabu vile. Hadithi ya kweli ukiikata mwisho, msikilizaji anaona pengo. Hizi ukizikata, mzee wa kijijini anabandika kiraka chochote, na suruali inavaliwa.

Aina zake nilizijua kama ninavyojua aina za magugu. Kuna zile za upelelezi, ambapo tajiri amekufa ndani ya chumba kilichofungwa na jamaa zake wote ni wanafiki. Mpelelezi anajua jibu tangu katikati, lakini hasemi. Anawazungusha watu, anavuta kiko, anasubiri wote wakusanyike sebuleni ndipo azungumze, na wakati huo mtu mwingine wa pili na wa tatu amekwisha kufa. Hakuna anayemuuliza kwa nini hakusema mapema. Pale kituoni alikuwepo mama mmoja wa kutoka ziwani, muuza omena, wale dagaa wa ziwani, mwenye shamba dogo la chai, ambaye kila hadithi aliiua kabla haijafika katikati.

"Ni yule mnyamavu," angesema akivuta skafu yake. "Kila siku ni yule mnyamavu. Sasa wewe mzee, watu wanyamavu walikukosea nini?"

Za ujasusi ni za mwanamume anayezunguka nchi nyingi bila kuugua tumbo na bila kuosha soksi. Anapigwa risasi begani sura ya tano, na sura ya sita anaendesha gari kwa mkono uleule. Hizi ndizo nilizozipenda zaidi, na ndiyo maana sasa nazichukia zaidi. Za mahakamani wazee walizifurahia kwa sababu zilifanana na kokwet, baraza letu la kijiji, ila tu hakuna aliyetema mate wala kusinzia. Hata hivyo mzee mmoja wa rika langu alinisimamisha katikati ya hotuba ya wakili. "Huyo mtu anaongea vizuri," alisema. "Lakini tangu juzi hakuna aliyeuliza mjane anakula nini." Kitabu nacho hakikuuliza.

Za bomu linalohesabu dakika zilikuwa za mwenye duka, mama wa kutoka Kati aliyevuka barabara na birika la chai ya maziwa akatuuzia tukingoja. Aliniita guka, kama wanavyoita babu kwao. Nilipofika pale shujaa anapotetemeka kati ya waya mwekundu na waya wa buluu, aliweka birika chini.

"Guka, si angekata yote mbili?"

"Ikikatwa yote mbili inalipuka."

"Nani alisema?"

"Kitabu."

"Hicho kitabu hakijawahi kutengeneza redio," alisema, akaendelea kumimina.

Halafu zipo zile za msichana aliyeuawa ukurasa wa kwanza. Zinaanza na maiti jinsi ibada inavyoanza na wimbo. Na zipo za siku hizi, za mume na mke. Mwanamke anaamka asubuhi katika nyumba nzuri, akagundua kwamba mwanamume aliyelala naye miaka hiyo yote anajua jambo na amemficha. Hizi nilizicheka kuliko zote. Nilisema hazisadikiki, kwamba hakuna mwanamke mwenye akili angekaa nyumba moja na mtu wa namna hiyo asijue.

Ukiziondolea bastola na mvua, zote ni kitu kimoja: mtu anajua jambo na hataki kukuambia. Basi. Mwandishi anajua tangu mwanzo, naye anakushika mkono anakupitisha vichochoroni akijifanya haoni njia. Na sisi tunampenda kwa hilo. Mkulima anaogopa mvua ya mawe, anaogopa karo, anaogopa kikohozi cha mtoto, na hofu hizo hazina sura ya mwisho. Ukimpa hofu ya kuazima yenye mwisho, anaipokea kwa mikono miwili. Siwalaumu watu wa kituo kwa kusikiliza. Namlaumu aliyekuwa akisimulia akijua hofu yao halisi iko wapi.

Mke wangu hakuwa msikilizaji mzuri wa hadithi. Alikuwa mtu wa kuanza na mwisho. Akirudi kutoka zizini angesema, "Ndama amekufa," kisha akae, avue viatu vya mpira, ndipo akueleze jinsi. Akitoka kliniki, jambo la kwanza mlangoni ni, "Si saratani." Yaliyobaki ungeyapata ukitaka. Vitabu vyangu aliwahi kuvijaribu jioni chache nilipokuwa nikimsimulia jikoni.

"Aliyeua ni nani?" aliniuliza mara moja.

"Ngoja, bado."

"Niambie sasa, halafu nitasikiliza vizuri."

"Nikikuambia, hadithi imekwisha."

"Basi haikuwa na kitu."

Na ile ya msichana wa ukurasa wa kwanza aliikata kwa swali moja: "Mama yake ni nani?" Nilimwambia mama yake hakuandikwa. Akasema, "Huyo mwandishi hajawahi kwenda matanga," akaendelea kutikisa kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando.

Msimu ule lori lilichelewa kama mwenyekiti alivyosema. Lilikuwa likifika jua likiwa limeshagusa vilima, wakati mwingine gizagiza. Nami nilifanya kazi niliyopewa. Nilijifunza kurefusha. Mtu aliyekuwa afungue mlango nilimfanya asimame nje ya mlango alasiri mbili. Watu waliguna, wakacheka, wakanitukana kwa mapenzi, wakakaa. Mwenyekiti alikuwa akipita na pikapu yake, anapunguza mwendo, ananipungia mkono kidogo tu, na moyo wangu ulikuwa ukiruka kama wa mpumbavu. Nyuma ya watu, kwenye vyuma, magunia yalikuwa yakipata joto.

Mke wangu ndiye aliyeanza kusema. Alisimama siku moja kwenye ngazi ya saruji, mikono bado myeusi kwa utomvu wa chai, akawauliza wote, "Nani anajua kwa nini lori linachelewa?"

Mtu mmoja alisema labda barabara. Mwingine akasema labda dereva ana mwanamke Chepilat, watu wakacheka.

"Tusikae hapa tukicheka," alisema. "Kesho tuchague wachache twende kiwandani tuulize."

Niliona watu wakianza kuinuka, kwa maana mke wangu hakuwa mtu wa kusema ovyo na walimjua. Alinitazama mimi kwanza. Mume wake, msomi, karani wa zamani, mtu wa kuongozana naye. Lilikuwa jambo la sentensi moja tu. Ningesema, "Lori linaanza ng'ambo ya mto, mwenyekiti aliniambia," na mambo yote yangekuwa wazi pale pale.

Nilisema, "Tulia kwanza, mama watoto. Jana tulimwacha mtu kwenye lifti na taa zimezimika."

Watu wakaketi. Yeye akashuka ngazi, akaenda kukaa juu ya gunia lake.

Jioni ile karani aliingiza mkono kwenye gunia hilo, akautoa haraka, akalisukuma kando. Tulilibeba pamoja hadi nyumbani, tukayamwaga majani chini ya migomba, yakafuka mvuke. Aliyatazama, halafu akanigeukia.

"Wewe hukaa na mwenyekiti. Hujasikia chochote?"

"Sijasikia."

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini nilijibu vile. Sikuwa namwogopa mwenyekiti. Hata hoja ya kituo kufungwa haikuwa kichwani mwangu wakati huo. Ukweli ni mbaya zaidi na mdogo zaidi. Nilikuwa naliwekea jambo lile siku yake. Nilikuwa nimepanga kwamba msimu ukikaribia kwisha ningesimama pale kituoni watu wote wakiwa wamekusanyika, kama mpelelezi sebuleni, niwaambie polepole kilichokuwa kikiendelea, mwenyekiti akiwepo, nami nione nyuso zao zikibadilika. Nilikuwa nimechagua hata maneno ya kuanzia. Kumwambia mke wangu chini ya migomba kungeniharibia sura ya mwisho.

Sura ya mwisho alinisomea dereva wa lori. Lilifika alasiri moja kabla ya giza, likionekana tayari limejaa nusu, na mke wangu akaenda moja kwa moja kwenye mlango wa dereva, mwanamume wa makamo mwenye koti la mvua, akamuuliza mbele ya watu wote wanatokea wapi na majani hayo.

"Sisi tunatumwa, mama," dereva alisema. "Tangu msimu uanze tunaanzia ng'ambo ya mto. Kwani hiyo si mlikubaliana?"

"Nani alikubali?"

"Mwenyekiti alituambia mzee wako anajua, na yeye ndiye anawapanga hapa." Alininyooshea kidole bila ubaya wowote, kama mtu anayeonyesha njia.

Nilikuwa nimeshika kitabu, kidole changu ndani kuweka alama. Kisha yule mama wa omena akaanza kucheka taratibu, mabega yakitikisika.

"Ee! Kumbe muuaji tunaye hapa," alisema. "Na wala si mnyamavu."

Waliangua kicheko wote, hata karani. Wengine waliacha kucheka upesi kwa sababu walikumbuka magunia yao, na hapo ndipo matusi yalianza, yale ya kweli, yasiyo na mapenzi ndani. Mwenye duka alichukua kikombe changu mkononi, kilichokuwa bado na chai, akakimwaga chini na kukirudisha kwenye beseni lake. Mke wangu hakucheka wala hakutukana. Alipimiwa majani yake, siku hiyo yalipita, akalikunja gunia tupu vizuri kama shuka, akatangulia nyumbani.

Asubuhi nilimkuta amefunga mizigo yake: nguo kwenye begi, blanketi moja, kibuyu chake cha mursik kimefungwa kwa kitambaa.

"Naenda Sigor kwa binti yetu," alisema. "Sirudi."

"Kwa nini?"

"Nimekuambia mwisho. Mwanzo unaujua."

Nikajitetea. Nilisema kituo kingefungwa, nilisema mwenyekiti alinifunga mdomo, nilisema majani yaliyoharibika si mengi kiasi hicho. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, jambo ambalo sikuwa nimemfanyia yeye.

"Si majani, mzee," alisema. "Majani yangeharibika hata kama ungeniambia. Lakini tungeyatazama wawili. Mimi niliyatazama peke yangu, na wewe ulikuwa umesimama karibu nami ukijua. Nikikuuliza kitu sasa, nitajuaje umefika ukurasa gani?"

Binti yetu alituma pikipiki imchukue hadi barabarani. Nilibeba begi. Kibuyu hakunipa.

Watu walikwenda kiwandani wiki hiyohiyo, bila mimi. Waliuliza, wakajibiwa, lori likagawanywa safari mbili, na mwenyekiti akavuliwa uenyekiti katika mkutano uliofuata huku akisema kwamba hakuelewa watu walikasirika nini. Kituo hakikufungwa. Wachuuzi wa barabarani hawakupata hata gunia moja la ziada. Siri niliyoitunza kama bomu haikuwa na baruti ndani.

Sasa lori hufika mapema na hakuna anayehitaji kukalishwa. Vijana wanachuma wakiwa na vidude masikioni, na nikiwauliza wanasikiliza nini, wananiambia ni hadithi ya muuaji, ipo kwenye simu, sehemu nyingi, kila sehemu inaishia pabaya. Wanasema ni tamu sana. Naamini. Vitabu vyangu nilimpa muuza njugu wa Silibwet, naye alinishukuru kuliko yeyote niliyewahi kumsimulia.

Nilikwenda Sigor. Huko hakuna chai, kuna mahindi na jua na ng'ombe, na mke wangu anaonekana amenenepa kidogo. Aliniletea chai kwenye kikombe chenye kisahani, kile ambacho mtu humtolea mgeni. Nilimwambia yote kwa mpangilio wake yeye, mwisho kwanza: nilikuficha jambo kwa sababu nilitaka kuwapendeza watu. Kisha nikaeleza lile nililokuwa nimepanga, kusimama kama mpelelezi, maneno ya kuanzia na yote.

"Hayo ungeniambia pale kwenye ngazi," alisema.

"Ndiyo."

"Ungeniambia pale, ningecheka." Alifikiri kidogo. "Kunywa chai, pikipiki za kwenda barabarani huwa chache baada ya saa hizi."

Nilikunywa, nikashukuru, nikaondoka. Nimekwenda tena mara kadhaa, na kila mara kikombe ni kile cha kisahani.

Basi niseme jinsi yeye angesema, ingawa yeye angelisema hili kwanza. Kukubali siri ya mwenyekiti kulinigharimu mke wangu. Hajafa. Yuko Sigor, ni mzima, anakamua ng'ombe wa binti yetu, na hatarudi.